Kiti cha Saa Moja Asubuhi

Makao Makuu ya Polisi, ghorofa ya pili
4 Februari

Mama yangu Bi Mashine,

Shikamoo. Ni mimi, yule konstebo wa mapokezi uliyekuwa ukimwita Mapokezi, kana kwamba wazazi wangu walisahau kunipa jina. Nadhani redio imekwishakufikishia habari. Wiki tatu zilizopita nilikabidhiwa ofisi ile uliyokaa mlangoni pake miaka thelathini na minane ukipiga chapa. Mimi ni Mkuu wa Polisi wa Jiji wa tisa. Wanane walionitangulia wananitazama kutoka ukutani, kila mmoja kwenye fremu yake, na hakuna hata mmoja anayetabasamu.

Nakuandikia kwa jambo la kazi. Mwezi wa nne tunahamia jengo jipya. Unajua desturi yetu: Mkuu anayeondoka humwachia anayeingia barua kwenye droo. Kamati ya jengo inataka barua ya Mkuu wa tatu, Bwana Saa, ichongwe kwenye jiwe la mlangoni. Ninayo hapa mbele yangu:

"Ndugu yangu unayeingia. Kila siku ya kazi, saa moja asubuhi, kabla hujafungua faili na kabla hujanywa chai, mpokee mtu mmoja anayemtafuta mtu wake. Yeye akae. Wewe usimame mpaka amalize kusema. Kisha umwambie unachokijua."

Miaka thelathini na minne sasa. Wakuu watano wamesimama mbele ya kiti hicho, na mimi ni wa sita. Naibu wangu hakipendi. Anasema kinakula asubuhi yetu, na kwamba anakivumilia kwa sababu moja tu: aliyeamuru ni Bwana Saa, na Bwana Saa hakuwa mtu wa mchezo.

Mwanawe Bwana Saa ndiye atakayefunua jiwe. Kamati imeniomba nipate kumbukumbu fupi ya kusoma siku hiyo. Aliiandikaje barua hii? Alikuwa na hali gani? Shahidi aliye hai ni wewe peke yako. Nisaidie, Mama. Karatasi huchanika, lakini jiwe likishachongwa ndiyo basi.

Mwanao,
Mapokezi


Nyumbani
15 Februari

Mwanangu Mkuu,

Marahaba. Nilisikia jina lako redioni nikamwambia mpwa wangu, binti wa marehemu mdogo wangu ninayeishi naye, aongeze sauti. Akasema, "Mama Mkubwa, mbona unalia?" Nikamwambia ni vumbi. Akasema redio haina vumbi, kaifuta jana. Ndivyo nilivyo siku hizi, hata uongo mdogo haunikai mwilini.

Nina miaka themanini na moja. Daktari anasema moyo wangu umekuwa kama ofisi ya serikali: unafungua ukipenda. Kitanda changu kimesogezwa dirishani, na naandika juu ya sinia. Kwa hiyo usitazame mwandiko.

Umenikumbusha mengi. Wakuu sita nimewaona wakiingia kwenye mlango ule, na nadhani niliwajua kwa viatu kabla ya nyuso. Lakini nikwambie kuhusu Mkuu wa nne, Chuma. Walimleta baada ya Bwana Saa kufia kwenye ngazi. Walimleta kwa sababu jiji lilikuwa linachemka na yeye alijulikana kwa kuzima. Mabega yake yalipita mlangoni kwa upande. Siku ya kwanza nilimkabidhi funguo na barua ya droo. Akajifungia. Baada ya robo saa akatoka, karatasi mkononi, akaniuliza, "Chini kuna nani anayesubiri?"

Chini kulikuwa na mama mmoja mfua nguo. Vidole vyake vilikuwa vimepasuka kwa sabuni. Alimtafuta mumewe. Chuma akamwambia, "Keti." Mama akasema, "Nitasimama tu, baba." Chuma akasema, "Mama, ukisimama wewe, na mimi sijui niende wapi." Akaketi. Na yule jitu, mwanangu, yule aliyekuwa akitisha mitaa mizima, akasimama mbele yake mikono nyuma, kama mtoto anayeulizwa na mwalimu. Nusu saa nzima! Mlango ulikuwa wazi kidogo. Sikupiga hata herufi moja. Nimeishi miaka mingi, na sijaona kitu kikubwa kama kile.

Tangu siku hiyo, kila asubuhi alipopita mezani kwangu alinitazama na kusema, "Haya, Bi Mashine, amri imefika." Niliona anamsengenya marehemu.

Kuhusu siku Bwana Saa alipoandika, uzee umefuta mengi. Ushauri wangu, kama bado unasikiliza ushauri wa mapokezi: msichonge. Acheni kiti kijisemee. Na kama lazima mchonge, msiweke jina la mtu.

Mama yako,
Bi Mashine


Makao Makuu
24 Februari

Mama,

Wewe ndiye uliyenifundisha kazi pale mapokezi. Ulisema: "Mtu ukimuuliza jambo moja akakujibu mengine matatu, mpe maji ya kunywa, kisha muulize tena." Haya, kunywa maji.

Nami nikueleze kitu ambacho sikuwahi kukuambia. Nilipokuwa na miaka kumi na minne, kaka yangu alipotea siku tano. Mama alizunguka vituo vyote, na kila kituo walimwambia hayupo. Siku ya sita mtu akamwambia, nenda makao makuu asubuhi na mapema, kuna kiti. Tulikwenda wote wawili. Mama akaketi kwenye kiti hicho. Chuma akasimama. Alipomaliza kusema, Chuma akamwambia, "Tunaye. Yuko chumba cha saba, na anaumwa. Twende sasa hivi." Walishuka ngazi pamoja, na Mkuu ndiye aliyembebea mama mkoba.

Kaka yupo. Ana wajukuu wawili na kelele zake zote. Mimi niliingia polisi kwa sababu ya asubuhi ile.

Kwa hiyo siulizi kwa ajili ya kamati peke yake. Mchonga jiwe anaanza tarehe ishirini ya mwezi ujao, na jina la Bwana Saa limo kwenye mchoro wake. Niambie, barua hii iliandikwaje?

Mwanao,
Mapokezi


Nyumbani
3 Machi

Mwanangu,

Nimekunywa maji. Nimeandika barua hii mara tatu, na mara mbili nimemwambia mpwa wangu aichome. Hii atakupelekea.

Bwana Saa hakuiandika. Niliiandika mimi.

Sasa nimesema, na dari haijaanguka. Ngoja nikueleze kwa mpangilio, maana nimekuwa karani maisha yangu yote.

Bwana Saa alikuwa mtu wa kufanya mambo kabla ya wakati. Barua yake ya droo aliiandika nusu mwaka kabla ya tarehe yake ya kustaafu, kwa mkono wake, akaifunga kwenye bahasha na kunikabidhi. Alipoanguka kwenye ngazi, nilibaki nayo kabatini siku tisa. Siku ya tisa nikaifungua kwa kisu kile kile nilichofungulia barua zake miaka kumi na mmoja. Ilisema paa linavuja upande wa magharibi. Ilisema dereva wake asihamishwe. Na ilisema hivi, ninayakumbuka kama dua: "Usiruhusu raia kupanda ghorofa ya pili. Ukimruhusu mmoja, watakula siku yako yote. Waishie mapokezi."

Nikaenda jikoni tulikochemshia chai ya ofisi, nikaitia motoni. Nikarudi, nikaweka karatasi kwenye mashine, nikaandika ile unayoijua. Chini nikagonga muhuri wa sahihi yake, ule alionipa kwa barua za kawaida. Haikunichukua dakika kumi. Nilikuwa karani wa daraja la tatu, na niliwaamuru Wakuu wa jiji zima kusimama.

Utauliza kwa nini. Hili sijamwambia mtu yeyote, hata marehemu mdogo wangu niliyelala naye kitanda kimoja utotoni. Wahenga walisema mficha maradhi, kifo humuumbua. Kifo kimeshabisha hodi, na mimi nataka kutangulia kusema.

Mwaka mmoja kabla Bwana Saa hajafa, polisi walifanya msako. Kazi yangu ya kwanza kila asubuhi ilikuwa kupiga orodha ya mahabusu, nakala nne kwa kaboni. Jumatatu hiyo nilikuwa katikati ya orodha mama mmoja aliposimama mbele ya meza yangu. Sijui alipitaje mapokezi. Alikuwa ameshika kitu ndani ya kitambaa. Akataja jina la mwanawe, miaka kumi na tisa, anasomea ufundi wa redio. Akafungua kitambaa. Ilikuwa dawa ya pumu, ile ya kupuliza mdomoni. Akasema, "Sitaki hata kumwona, dada yangu. Mpelekeeni hii tu."

Jina lilikuwa mbele yangu kwenye mashine. Wino wake haujakauka. Nililifunika kwa kiganja.

Amri ya Bwana Saa ilikuwa kwamba habari ya mahabusu haitoki mpaka atie sahihi orodha, na sahihi ilikuwa saa nne kamili. Saa ilikuwa moja. Nikamwambia, "Hatuna mtu wa jina hilo. Jaribu kituo kingine."

Akanishukuru, mwanangu. Alisema, "Ahsante, Mungu akuweke," akaifunga dawa yake, akashuka ngazi. Hakuna aliyempa kiti. Nilikuwa na kiti cha pili pembeni yangu, nimewekea mafaili.

Kijana alikata roho saa tatu. Saa nne Bwana Saa alinirudishia orodha, akaniambia niipige upya bila jina lile. Nikaipiga upya. Nakala nne. Kitabu cha matukio kilisema alifia njiani kwenda hospitali.

Orodha ya kwanza sikuichana. Nimeiweka miaka thelathini na mitano ndani ya kamusi, na leo naiambatisha humu. Utaona jina la kumi na mbili limepakaa wino. Hapo ndipo kilipokuwa kiganja changu.

Basi nilipopata bahasha ile mkononi, niliona naweza kumkalisha mama yule. Yeye hasa sikuweza tena, lakini mwingine, na mwingine. Sikutegemea ingedumu hata mwezi. Nilijua Chuma atacheka aitupe. Badala yake akasimama. Akaja wa tano, akasimama. Wa sita alikuwa na miguu mibovu, na bado akasimama akishikilia meza. Kila mara nilikaa nyuma ya mashine yangu nikiwaona wanaume wenye nyota mabegani wakiyatii maneno ya mtu aliyemwongopea mama wa mgonjwa. Kitu kile kilinizidi kimo. Mpaka leo kinanizidi.

Sasa chukua uamuzi. Najua nikisema, Naibu wako atapata alichokuwa anakitafuta, na kiti kitaondoka. Nisiposema, mtachonga kwenye jiwe kwamba Bwana Saa alisimama, naye hakusimama kwa ajili ya mtu yeyote maishani mwake. Nimepima mizani usiku na mchana, na sikuweza kuondoka nikiacha uongo wa pili, tena wa jiwe.

Nisamehe, kama kusamehe ni kazi yako.

Bi Mashine


Nyumbani kwa Bi Mashine
19 Machi

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Polisi wa Jiji,

Mimi ni mpwa wake Bi Mashine, ninayemuuguza. Mama Mkubwa hajui kama nakuandikia, na akijua atanichapa kwa sinia.

Tangu alipokutumia ile barua nene, kila siku huniuliza kama posta imekuja. Siku ya kumi akaacha kuuliza, na hapo ndipo nilipopata hofu. Chai anainywa nusu. Jana alinishika mkono akasema, "Nimewaangusha." Nikamuuliza nani, akageukia ukutani.

Sijui alikuandikia nini. Kama kuna kosa, mwambie ni kosa. Hata ukitaka kuja na pingu, njoo nazo. Lakini usinyamaze, Mheshimiwa. Kimya kinammaliza kuliko moyo.

Wako mtiifu,
Mpwa


Makao Makuu
26 Machi

Mama yangu,

Nisamehe kwa kuchelewa. Nilikuwa na mtu wa kumtafuta, na nimempata juzi tu. Nitafika kwake. Lakini kwanza nikusomee kitu.

Barua za droo ziko nyingi, na wewe baada ya ile moja hukufungua nyingine yoyote. Ulizikabidhi zimefungwa, nadhani uliapa moyoni. Ndiyo maana hujui kilichomo. Nakunakilia.

Chuma kwa wa tano: "Barua ya kiti si ya Bwana Saa. Herufi k inaruka juu ya mstari, na mashine inayorusha k ni moja tu jengo zima, iko nje ya mlango wako. Tena mtu yule hakuwahi kumwita mtu 'ndugu yangu', hata nduguye wa tumbo moja. Niligundua siku ya kwanza, katika ile robo saa niliyojifungia. Nilitaka kumfukuza. Nikasema, ngoja nijaribu asubuhi moja. Jaribu na wewe."

Wa tano kwa wa sita: "Ni ya Bi Mashine. Simama."

Wa sita: "Miguu inauma. Simama hivyo hivyo. Bibi wa mashine asijue kwamba tunajua, atajisikia vibaya."

Wa saba: "Niliacha wiki mbili kwa sababu ni amri ya karani. Wiki ya tatu nilirudi. Sina maelezo."

Wa nane, aliyenikabidhi mimi: "Jina la Bwana Saa tunalitumia kama koti la mvua, kwa ajili ya wale wasioelewa. Siku moja mtafute mwenyewe, umwulize kabla hajaondoka duniani. Hatukuwahi kujua kwa nini aliandika."

Mama, ulijaribu kuwadanganya wapelelezi watano mfululizo. Kosa hilo ni karani wa polisi tu anayeweza kulifanya: kuwafahamu kwa viatu, ukasahau kwamba nao wanakufahamu kwa herufi. "Amri imefika," alikuwa anakuambia kila asubuhi. Hakuwa anamsengenya marehemu. Alikuwa anakuripotia.

Mimi nilijua nilipokuandikia barua ya kwanza. Jiwe lilikuwa kweli, kamati ilikuwa kweli, lakini sikutaka kukutaja bila wewe kujitaja. Nilipoisoma yako niliinuka kitini mwangu, sijui kwa nini, nikaimaliza nimesimama.

Mchonga jiwe nimemsimamisha. Maneno yatachongwa, jina halitawekwa, kama ulivyoshauri. Nilikwenda kwa mwanawe Bwana Saa nikamwambia ukweli. Akasema, "Nilikuwa najiuliza tangu zamani. Baba hakuwahi kusimama hata kwa ajili yetu."

Naibu wangu nilimsomea barua zote tano mbele ya maofisa. Akauliza, "Yaani miaka thelathini na minne jiji limeongozwa na mpiga chapa?" Nikamwambia, "Hakuna aliyewashurutisha. Walijua, na walisimama." Akaitazama ile picha ya Chuma ukutani kwa muda mrefu. Halafu akaniuliza, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, "Kesho nani anakaa?"

Sasa lile jingine. Ulisema nikusamehe kama ni kazi yangu. Si kazi yangu, na wewe unalijua hilo, ndiyo maana ulitia orodha ndani ya bahasha. Nimelifuata jina la kumi na mbili. Mama yake alifariki miaka kumi na moja iliyopita. Mpaka mwisho alikuwa akisema mwanawe hakuwahi kufika makao makuu, kwa sababu dada mmoja mpole pale ghorofani alimhakikishia. Amebaki binti yake mmoja, fundi cherehani, mtu wa makamo. Nilikwenda dukani kwake nikiwa nimevaa nguo za kawaida. Nilimwonyesha orodha. Aliweka kidole chake pale penye wino, hakuuliza ni wa nani. Nikamwambia mwenye kiganja yu hai, na ameandika. Nikamwuliza kama anataka kusikia, au kusema, au tuache.

Aliendelea kushona mpaka akamaliza pindo. Kisha akasema, "Nataka kusema. Mama hakupata pa kusemea."

Sijui atakachosema. Sikumwuliza, na sikumwomba akuonee huruma. Lakini kile kitambaa bado anacho, na dawa iko ndani yake.

Tutakuja Alhamisi, saa moja asubuhi. Najua huwezi kuinuka. Usijaribu. Nitasimama mimi kwa niaba yako mpaka amalize, kisha wewe umwambie unachokijua.

Mwambie mpwa wako asihangaike na chai kabla. Atoe kiti kimoja tu.

Mwanao,
Mapokezi